Saa tisa ya Jumamosi ina mwenyewe

Kila msimu kaka yangu wa Tandika hunipigia simu Jumamosi jioni na swali lilelile: "Goli umeliona?" Na jibu langu ni lilelile: sijaliona, huku haionyeshwi. Miaka ya mwanzo alidhani namzingua. Mtu unaishi London, unapanda treni unashuka Emirates, halafu mechi ya Arsenal anaiona aliyebanana kwenye benchi la kibanda umiza kwa buku moja, wewe unasubiri vipande vya usiku? "Acha hizo, bwana mdogo." Ilibidi nimpigie kwa video, nikamgeuzia kamera kwenye runinga, aone wachambuzi wanne wamekaa studio, wanatazama mechi wao wenyewe na kutuhadithia sisi.

Sheria yenyewe ni fupi. Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, hakuna kituo kinachoruhusiwa kuonyesha mpira mubashara Uingereza, uwe wa Arsenal, uwe wa Real Madrid. Chanzo chake ni miaka ya 1960, pale mwenyekiti wa Burnley, Bob Lord, alipowashawishi wenzake kwamba mtu akishaiona mechi kubwa sebuleni kwake hatatoka tena kwenda kulipa kiingilio kwenye mechi ndogo. UEFA nayo inaruhusu kila nchi ijitengee saa mbili na nusu za namna hiyo. Nyingi zimeachana na mpango huo, Waingereza wameung'ang'ania. Matokeo yake ni kichekesho: mechi za saa tisa alasiri za ligi inayotazamwa kuliko zote duniani zinaonekana Tandika, Kisumu, Bukavu na Muscat, ila hazionekani kwa wenye ligi.

Nilikasirika nayo miaka kama sita hivi. Baadaye nikaanza kujiuliza swali jingine kabisa. Hizo saa mbili na nusu zikishafungiwa, anazitumia nani?

Jumamosi moja ya Oktoba dada alikuwa na zamu, akaniachia mwanawe. Kijana wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa huku, Arsenal damu, hajawahi kuingia uwanjani hata siku moja kwa sababu tiketi hazishikiki. Nikamwambia leo tunakwenda kuangalia mpira. Macho yakamtoka. Tulipofika kituo cha Victoria na kupanda treni ya kwenda kusini, akaanza kuhisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. "Anko, Lewes ndiyo nini?"

Lewes ni mji mdogo kusini mwa Uingereza, saa moja na dakika kidogo kwa treni kutoka London, umekaa kati ya vilima vya chaki. Ukishuka kituoni unatembea dakika tano umefika uwanjani. Na uwanja huo una jina ambalo mpaka leo sijapata namna nzuri ya kulitafsiri: Dripping Pan. Karai la kukingia mafuta, tuseme, lile linalowekwa chini ya nyama inayobanikwa. Ukiuona unaelewa kwa nini. Umezama chini kama bakuli, kingo zake ni tuta la majani, kando yake kuna kilima kilichotengenezwa na watu na magofu ya nyumba ya watawa wa zamani. Mpira unachezwa hapo tangu 1885, mwaka ilipoanzishwa klabu. Wenyewe wanaitwa Kunguru. Si kunguru yule wa Dar mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa hakuna anayejua namna ya kumrudisha. Huyu ni binamu yake, mweusi tii, wa mashambani. Mpwa wangu aliposikia timu inaitwa Kunguru akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mlangoni unapita kwenye chuma kinachozunguka, mtu mmoja mmoja. Yule dada aliyekuwa anapokea hela alinirudishia chenji, akatuuzia jarida la mechi, na kabla hatujapita akatuuzia tena vipande viwili vya bahati nasibu ya nusu kwa nusu: nusu ya mfuko anachukua mshindi, nusu inabaki klabuni. Kiingilio changu hakikufika paundi 20. Kwa mtoto ilikuwa hela ya kununulia chipsi. Tuliingia robo saa kabla ya filimbi, hatukupekuliwa, hatukutafuta namba ya kiti. Viti vipo upande mmoja. Sehemu nyingine zote unasimama, unaegemea bomba la chuma, na kati yako na mchezaji anayerusha mpira hakuna zaidi ya hatua mbili.

Hapo nieleze kidogo jina la soka hili, maana ni jina linalopotosha. Waingereza wanaliita "non-league", yaani lisilo la ligi, na ni soka lenye ligi nyingi kuliko unavyoweza kuzihesabu kwa vidole vya familia nzima. Maana yake ni kwamba haliko ndani ya Ligi, kwa herufi kubwa, ile iliyoanzishwa na klabu 12 mwaka 1888. Ligi hiyo ikakua mpaka zikawa timu 92 katika madaraja manne. Chini ya hizo 92 ndipo panaanzia ulimwengu mwingine: daraja la tano lenye timu 24 kutoka nchi nzima, la sita limegawanywa kaskazini na kusini, la saba lina ligi nne, la nane lina nane, na kadhalika, mpaka unafika kwenye timu za vijiji ambazo chumba cha kubadilishia nguo ndicho stoo ya mashine ya kukatia majani. Msimu tulipokwenda, Lewes ilikuwa daraja la saba, kwenye Isthmian League. Ligi hiyo ilianzishwa 1905 na waungwana walioamini kwamba mpira ni wa kujifurahisha, kiasi kwamba bingwa hakupewa hata kikombe. Kauli mbiu yao ya Kilatini ilimaanisha heshima yatosha.

Haikutosha, bila shaka. Wachezaji wa ridhaa walikuwa wakivua nguo na kukuta noti zimekunjwa ndani ya kiatu, kila mtu akijua na hakuna aliyesema. Mwaka 1974 chama cha soka kilichoka kujifanya hakioni, kikafuta tofauti ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa. Tangu hapo wote wanaitwa wachezaji tu.

Lakini mlango wa juu ulibaki umefungwa, na hili ndilo ambalo watu wengi hawalijui. Mpaka katikati ya miaka ya 1980, timu ya nje ya zile 92 haikupanda kwa kuwa bingwa. Ilipanda kwa kura. Mwisho wa msimu timu nne za mkiani zilikwenda kuwaomba wenzao wa Ligi wawachague tena, na wenzao, kwa kuwa leo kwako kesho kwangu, mara nyingi waliwachagua. Unaweza kuchukua ubingwa wako kule chini, ukapeleka barua, ukavaa suti, ukarudi nyumbani na kura nne. Kupanda na kushuka kwa pointi kulianza msimu wa 1986/87: Scarborough ikapanda, Lincoln City ikashuka. Hiyo ni juzi tu. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Na mpaka 2002 aliyepanda alikuwa mmoja tu kwa mwaka. Baada ya hapo wawili, na klabu za daraja la tano zikaanza kupiga kelele ziongezewe nafasi ya tatu.

Nasema haya kwa sababu kuna tabia ya kuliimba soka hili dogo kama vile limeota lenyewe, kama uyoga, kwa mapenzi ya watu na mvua ya Uingereza. Mapenzi yapo, lakini mapenzi yapo pia Mbagala na Kakamega. Kilichofanya kazi hapa ni mambo makavu kabisa: ngazi ambayo mtu anaweza kuipanda, saa ambayo imewekewa ulinzi, na hela ya mlangoni kubaki kwa aliyefungua mlango. Kila kimoja kati ya hivyo kiligombaniwa, na kingeweza kabisa kwenda upande mwingine.

Turudi kwenye bomba la chuma. Mpira wenyewe ulikuwa hivi: dakika 20 za mwanzo walibutua. Kipa anabutua, beki anapiga kichwa, kiungo anaangalia juu kama anayengoja mvua. Mpwa wangu alivumilia kidogo, akatoa simu. Kisha winga wa Lewes akampita mtu mbele yetu kabisa, tukasikia pumzi yake, tukasikia beki akimwambia neno ambalo sitaliandika, na mshika kibendera akanyoosha bendera kwa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekiona. Mzee aliyesimama pembeni yetu, kofia ya sufi, glasi ya bia mkononi, akamuuliza mshika kibendera kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia, kama nyumbani wanajua ametoka bila miwani. Mshika kibendera akatabasamu bila kugeuka. Simu ya mpwa wangu ikarudi mfukoni na haikutoka tena mpaka mapumziko.

Bia ile nayo ina historia. Tangu 1985 sheria inakataza kunywa pombe ukiwa unauona uwanja kwenye mechi za madaraja matano ya juu. Huku chini haiwahusu. Vivyo hivyo kusimama: baada ya maafa ya 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki 97 walioshindiliwa ndani ya vizimba vya chuma walipoteza maisha, na ripoti ya jaji iliyotoka 1990, viwanja vya madaraja mawili ya juu vililazimishwa kuweka viti kila mahali. Hakuna mwenye akili anayelilia kurudi kwenye vizimba vile vya chuma. Ila ukweli ni kwamba soka la juu lilipokaa kwenye viti, bei nayo ilikaa kwenye kiti cha juu, na kijana wa miaka kumi na sita mwenye hela ya kibarua cha Jumapili akabaki nje. Wengine wao nimewaona Lewes, nyuma ya goli, na ngoma.

Mapumziko yalipofika nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu. Watu wote waliokuwa nyuma ya goli la kulia walianza kutembea, taratibu, chipsi mkononi, mbwa wengine kwenye kamba, wakazunguka uwanja mpaka nyuma ya goli la kushoto. Wanahama kwa sababu timu yao sasa inashambulia upande huo. Wakapishana njiani na mashabiki wa wageni wanaohama kwenda upande wa pili. Hakuna uzio kati yao, hakuna askari, wanapishana kama watu wanaotoka na kuingia msikitini. Na kipa wa wageni alipokuja golini kwake, walewale waliohamia pale makusudi ili kumzomea dakika 45 nzima wakampigia makofi. Akainua mkono. Wakanyamaza. Filimbi ikapulizwa, wakaanza kumzomea.

Mzee wa kofia aliniambia beki wa kushoto, yule aliyetoa neno, ni fundi wa kupachika vigae. Nilikuwa nimeona plasta kwenye vidole vyake viwili alipokuja kurusha mpira. Kwenye daraja hili wengi wana kazi zao, wanafanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki, na posho ya mpira ni nyongeza juu ya mshahara. Tunajua hadithi ya Jamie Vardy mpaka imechuja: paundi 30 kwa wiki Stocksbridge Park Steels, mchana kiwandani akitengeneza vifaa vya kufungia waliovunjika viungo, 2012 Leicester wakamnunua kwa paundi milioni moja, 2016 bingwa wa Uingereza. Wazee wa Arsenal watakumbusha kwamba Ian Wright naye alichukuliwa na Crystal Palace mwaka 1985 akitokea Greenwich Borough, karibu miaka 22, umri ambao siku hizi mtoto wa akademi ameshaambiwa amechelewa.

Mimi hadithi hizi nazisimulia kwa tahadhari. Kila zikisimuliwa zinafanya ionekane kazi ya soka la chini ni kumpelekea tajiri kito kilichodondoka mchangani. Yule fundi vigae hatanunuliwa na Leicester. Ana miaka thelathini na kitu. Na hiyo haimaanishi Jumamosi yake ni ya bure.

Kuhusu nani mwenye mali, Lewes ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2008 walipanda mpaka daraja la tano, wakatumia wasichonacho, wakashuka mwaka uliofuata, na kufikia 2010 klabu ilikuwa inanuka madeni. Watu wa mji wakaichukua. Tangu Julai 2010 ni mali ya wanachama: unalipa ada yako ya mwaka, una kura moja, na aliyetoa zaidi yako naye ana kura moja. Mwaka 2017 wakapitisha kwamba bajeti ya kikosi cha wanaume na ya wanawake iwe sawa, klabu ya kwanza ya kulipwa au nusu-kulipwa kufanya hivyo. Wengi walidhani ni mbwembwe. Machi 2023 timu ya wanawake ikacheza robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United kwenye karai hilohilo la mafuta. Walifungwa 3-1. Lakini Manchester United ilikuja pale, ikabadilisha nguo pale.

Weka pembeni yake Bury. Nayo ilianzishwa 1885. Ilichukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, ilikuwa ndani ya zile timu 92 kwa zaidi ya karne, na Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye Ligi kwa sababu mwenye klabu alishindwa kuonyesha hela ya kuiendesha. Umri mmoja, nchi moja. Aliyekuwa juu akaanguka kwa sababu ya mtu mmoja, aliyekuwa chini akabaki kwa sababu ya watu wengi. Sisemi wanachama hawakosei. Wanachama wanaweza kugombana miezi mitatu kuhusu rangi ya soksi. Ila hawawezi kuamka asubuhi wakaihamisha timu.

Mashabiki wa Wimbledon, klabu ya kusini mwa London, waliamka wakakuta hivyo. Mei 2002 jopo la watu watatu liliruhusu, kwa kura mbili dhidi ya moja, klabu yao ihamishiwe Milton Keynes, mji mwingine kabisa. Hii ni timu iliyopigiwa kura kuingia Ligi mwaka 1977 na kuifunga Liverpool fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mashabiki hawakuandamana tu. Wiki chache baadaye walitangaza majaribio ya wachezaji kwenye viwanja vya wazi vya mtaani kwao, anayejiweza aje na viatu, wakaunda AFC Wimbledon na kuanza huko chini, daraja la tisa. Walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa. Walipanda mara tano ndani ya miaka tisa, na 2011 wakarudi Ligi kwa miguu yao. Jambo hilo linawezekana tu kama ngazi ipo. Kabla ya 1987 wangefika mlangoni, wakaambiwa wasubiri kura.

Nikiwa pale nilimfikiria shabiki wa Mbarali. Ihefu ilipanda ikiwa timu yao, ya mashamba ya mpunga, ikaifunga Yanga mbele yao. Ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Inawezekana kabisa uamuzi ule ulikuwa na hesabu nzuri za kibiashara. Ila siku ile Mbarali haikuwa na karatasi yoyote mkononi ya kusema timu hii ni yetu. Cha ajabu, utamaduni wa karatasi hiyo tunao sisi tangu zamani. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ni klabu za wanachama, wenye kadi, wenye mkutano mkuu, wenye wazee wa klabu wanaojua kununa. Tumegombana miaka na miaka kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji, ugomvi ambao watu wa Bury wangeutamani. Ila tumeuweka juu, kwa wakubwa wawili, chini hakuna anayeuliza. Ngazi yenyewe tunayo pia: Ligi Kuu, Championship, First League, mabingwa wa mikoa, ligi za mkoa na za wilaya. Kwenye karatasi inafanana kabisa na ya Waingereza.

Tusichokuwa nacho ni saa.

Oktoba, saa tisa alasiri ya London ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya mpira wa kwetu: jua limepungua, watu wametoka kazini, timu ya mtaa iko dakika ya sitini. Uingereza imeifunga saa hiyo isiwaharibie Lewes, na saa hiyohiyo imeiuza kwetu bila uzio. Bob Lord alikuwa na wasiwasi na mtu wa Burnley atakayekaa nyumbani. Mtu wa Tandika hakuwa kwenye hesabu zake, na sidhani alipaswa kuwa. Aliyepaswa kupiga hesabu hiyo ni sisi, na sijasikia tukiipiga.

Najua pingamizi, maana nimebishana nalo mwenyewe kwenye treni. Kwanza, huwezi kumkataza mtu wa Manzese kumwangalia Saka wa Arsenal. Sahihi, na sipendekezi hivyo, kaka yangu angenikana. Pili, hata huku uzio umeshatoboka. Wapo wanaoiba matangazo kwa visanduku, na runinga ya Sky sasa wanaonyesha mechi zaidi ya 1,000 kwa msimu za madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu pamoja na vikombe vyao, baadhi zikisogezwa saa sita na nusu mchana ili zikwepe marufuku. Mechi ikianza saa sita na nusu, mtu akishaimaliza akiwa kwenye kochi na soksi miguuni, sijui nani atamtoa kwenda kusimama kwenye baridi. Tatu, pengine watu wa Lewes wangekwenda tu hata bila sheria, kwa mazoea. Hili la tatu ndilo gumu. Lakini mazoea nayo yana mahali yalipoanzia. Yule mzee wa kofia alianza kuja akiwa mtoto, Jumamosi saa tisa, wakati runinga haikuwa na la kumwonyesha.

Na ushahidi wa kwetu upo, haujaandikwa tu. Angalia ndondo. Kinesi, Bandari pale Tandika, watu wanapanda juu ya ukuta, juu ya paa, juu ya daladala mbovu, kuangalia timu za mitaa zisizo na basi. Watu walewale ambao mechi ya First League ukiwapa tiketi ya bure wanakuuliza kuna nini. Tumezoea kusema ndondo ina utamu wake, ina ngoma, ina vituko. Ni kweli. Ila angalia na kalenda. Michuano mikubwa ya ndondo mara nyingi inachezwa katikati ya mwaka, Ulaya ikiwa imelala. Sidhani ni bahati. Saa kumi na moja ikiachwa wazi, watu wanajua pa kwenda.

Kama ningekuwa mtu wa kupanga ratiba za madaraja ya chini Tanzania au Kenya, nisingeanza na wadhamini. Ningeanza na saa. Jumamosi asubuhi saa nne, kwa mfano, joto halijakomaa. Au Jumapili baada ya ibada. Au siku ya kazi jioni, pale penye taa. Kupanga mechi ya daraja la tatu Jumamosi saa kumi jioni na kutegemea watu ni kufungua genge la mihogo mlangoni kwa harusi yenye pilau.

Mechi iliisha sare ya moja kwa moja. Goli la Lewes lilitokana na kona, mpira ukamgonga mtu mgongoni, na aliyefunga mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua. Bahati nasibu alishinda mtu mwenye mbwa. Tulipokuwa tunatoka, kipa wa wageni alikuwa amesimama nje ya baa ya klabu kwenye kaptula yake, anakula chipsi, anazungumza na mmoja wa waliomzomea. Mpwa wangu alimwomba picha. Akafuta mkono kwenye fulana, akamshika bega, akamuuliza anacheza namba ngapi. Ndani ya treni mpaka Gatwick mtoto hakuzungumza kitu kingine ila hilo: kwamba ameulizwa namba.

Mtandao uliporudi, simu yangu ilikuwa na ujumbe kumi na saba kutoka Tandika. Arsenal wameshinda, goli la pili la ajabu, umeliona? Nikamtumia picha ya karai: tuta la majani, vilima vya chaki nyuma, watu kama mia saba na mbwa wao. Akauliza hiyo ni shule gani. Nikamwambia ni mechi ya ligi, daraja la saba, ilianza saa ileile na hiyo ya kwako. Kimya kidogo. Akauliza kiingilio. Nikampigia hesabu kwa shilingi, kama elfu hamsini hivi.

"Elfu hamsini, mchangani?" akaandika. "Si ungenitumia tu."